Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Saa ya chakula irudi katika ratiba za vyuo vikuu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta kwako ni la watu wengi, na wengi wao hawana njia ya kufika ofisini kwako. Ni namna msongo wa mawazo unavyovuruga ulaji, usingizi na mwenendo mzima wa maisha ya wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu, na namna ulaji huo uliovurugika unavyorudi kuuzidisha msongo uleule. Mimi ni mhadhiri jijini Dar es Salaam. Nafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mlezi wa kitaaluma katika idara yetu, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa nimeyaona darasani au nimeyasikia kutoka vinywani mwa vijana wenyewe.

Wanafunzi wanapotujia na malalamiko ya uchovu, kuumwa kichwa, kusinzia darasani au kusahau walichokisoma jana, tumezoea kuwapa nasaha: kuleni vizuri, laleni mapema, pangeni muda wenu, punguzeni mawazo. Nasaha hizo ni za kweli. Lakini mwanafunzi mwenye vipindi mfululizo tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ambaye fedha zake za kujikimu zimekwisha na hajui za awamu inayofuata zitaingia lini, na ambaye kanuni za hosteli zinamkataza kupika chumbani bila kumwonyesha mahali pengine pa kupikia, hana namna ya kuzitekeleza hata awe na nidhamu ya kiasi gani. Ndiyo maana barua hii haiwaendei wanafunzi. Inakuja kwako, kwa kuwa ratiba, fedha na viwango vya vyuo viko chini ya vyombo unavyovisimamia.

Naomba nianze na mwili wa binadamu, maana ubishi mwingi juu ya jambo hili unatokana na dhana kwamba ulaji mbaya wa vijana ni utovu wa nidhamu tu. Mtu akiingiwa na hofu kali ya muda mfupi, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, tumbo hupunguza kazi yake na njaa hutoweka. Huyo ndiye mwanafunzi anayesema, nusu saa kabla ya mtihani, kwamba chakula hakipiti kooni. Hofu ikidumu kwa majuma, homoni nyingine iitwayo kotisoli hubaki juu, na hapo mambo hugeuka: hamu ya kula hurudi, ikielekea zaidi kwenye sukari na mafuta, yaani vitu vinavyoleta nafuu ya haraka. Kijana huyohuyo aliyeshindwa kumeza uji asubuhi anajikuta saa nne usiku yuko kwenye kibanda cha chipsi mayai na soda, na kesho yake anarudia. Miili nayo haifanani. Wapo wanaokonda na wapo wanaonenepa kwa msongo uleule, na ni makosa kumpima mwanafunzi kwa macho na kusema huyu hana shida kwa kuwa amejaa mwili.

Kukosa usingizi kunazidisha yote hayo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Karine Spiegel, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililofanywa kwa uangalifu mkubwa. Vijana 12 wa kiume wenye afya walilala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku mbili mfululizo, kisha wakalinganishwa na hali yao wenyewe walipopewa saa kumi kitandani. Baada ya siku hizo mbili za usingizi mfupi, leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba mwili umeshiba, ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18. Grelini, inayoamsha njaa, ilikuwa imepanda kwa asilimia 28. Na vijana wenyewe walieleza njaa iliyoongezeka kwa asilimia 24, hasa njaa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Hizo zilikuwa siku mbili. Katika msimu wa majaribio ya darasani na wa mitihani ya mwisho wa muhula, wanafunzi wetu wengi huishi hivyo kwa majuma mawili au matatu.

Kinachowawezesha kukesha ni vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo sasa vinapatikana katika kila kibanda kwa bei iliyo chini ya sahani ya chakula. Mwanafunzi mwenye shilingi 1,000 mfukoni saa tatu usiku hapati wali na mboga, lakini anapata chupa itakayomfanya asihisi njaa wala usingizi hadi usiku wa manane. Kwa mfuko wake na kwa hofu aliyo nayo, huo ndio uamuzi wenye mantiki, na hakuna bango la afya litakalomshawishi vinginevyo. Ila kafeini, kiamshi kilichomo katika vinywaji hivyo, huchukua takribani saa tano kupungua kwa nusu mwilini, hivyo nusu ya ile aliyoinywa saa nne usiku bado iko kwenye damu yake saa tisa usiku, wakati ambapo hata akifunga daftari usingizi hauji. Asubuhi anaamka amechelewa, anakimbilia kipindi bila kifungua kinywa, kisha anapiga pasi ndefu hadi jioni ili mlo mmoja uitosheleze siku nzima.

Kuna jambo moja la kitabibu ambalo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu linawaumiza wengi na halizungumzwi. Karibu kila mwanafunzi anayeruka milo ataonywa na wenzake kwamba atapata vidonda vya tumbo. Tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, katika miaka ya 1980, kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikuu cha vidonda hivyo, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, tunajua kwamba njaa peke yake haitoboi tumbo. Chanzo kikubwa cha pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Sasa mfuatilie mwanafunzi wetu. Asiyekula na asiyelala huumwa kichwa. Akiumwa kichwa huenda duka la dawa na kununua diklofenaki, kwa kuwa ni ya bei rahisi na hakuna anayemuuliza cheti. Huimeza tumbo likiwa tupu, na katika msimu wa mitihani huweza kuimeza siku baada ya siku. Hivyo ndivyo njaa na msongo vinavyomfikisha kwenye vidonda, kupitia mlango ambao hakuna aliyemtahadharisha nao. Zahanati ikimpa dawa ya kupunguza asidi na kumrudisha darasani bila kumuuliza jana alikula nini na alimeza nini, imemtibu nusu.

Wanafunzi wamekuwa wakilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa ajili ya bima ya afya, na naiunga mkono bima hiyo kwa moyo wote. Lakini ni vigumu kuona busara ya utaratibu unaogharimia dawa za tumbo za kijana na kuacha bila mwenyewe suala la kama kijana huyo anapata nafasi ya kula mchana.

Tunasema sana kwamba msongo huharibu ulaji. Kwamba njaa nayo huzaa msongo, hilo hatulisemi vya kutosha. Kuanzia Novemba 1944, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani waliwachukua vijana 36 waliojitolea, wote waliopimwa na kuonekana wana afya njema ya mwili na akili, na hatimaye wakawapunguzia chakula kwa miezi sita, ili kujua namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Hawakunyimwa chakula kabisa. Walipata takribani kalori 1,600 kwa siku. Hata hivyo walianza kuwa na huzuni, hasira za haraka na tabia ya kujitenga na wenzao. Walilalamika kwamba hawawezi kukaza fikra, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Vijana hao hawakuwa na mitihani, wala madeni, wala mdogo nyumbani anayesubiri ada. Ninapomwona mwanafunzi mwenye uwezo amekaa nyuma ya ukumbi, macho wazi na kalamu haiandiki, naamini swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni kama amekula.

Nije kwenye fedha, Mheshimiwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, imewafungulia vyuo vijana ambao wazazi wao wasingeweza kamwe kuwalipia, na uamuzi wa kuongeza fedha za chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku ulipokewa kwa furaha ya kweli. Hoja yangu hapa inahusu mwendo wa fedha hizo kuliko kiasi chake. Boom, kama kila mtu anavyoiita, huingia kwa mkupuo wa siku 60 hivi. Kwa kiwango cha sasa ni shilingi 600,000 kwa mara moja, mikononi mwa kijana wa miaka 20 ambaye pengine hajawahi kushika 50,000 zake mwenyewe. Siku hiyohiyo anadaiwa kodi ya chumba, madeni ya dukani, gharama za fotokopi na vifurushi vya intaneti, na mara nyingi kuna simu kutoka nyumbani ambayo hawezi kuikataa, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kushika fedha ya uhakika. Wiki mbili za mwanzo kampasi hunukia kuku wa kukaanga. Wiki za mwisho ni za kukopa kwa mama ntilie, za mihogo na chai, na za vijana wanaoweka mikeka ya kubeti kwa matumaini kwamba timu ya mbali itawalipia chakula cha jioni.

Hapo nimesema juu ya fedha inayofika kwa wakati. Ikichelewa, kwa sababu yoyote ile, saini zisizokamilika, akaunti yenye kasoro ya namba au orodha ambayo haijatumwa, kinachoumiza zaidi ni kutojua. Mtu anayejua kwamba fedha itaingia baada ya siku tisa anaweza kujipanga kwa unga na maharage ya siku tisa. Asiyejua hajipangi, anahangaika, anapiga simu, anafungua akaunti yake mara kumi kwa siku, na kitabu kilicho mbele yake hakisomeki.

Kuhusu hili nimejifunza kwa wanafunzi wetu Waislamu wakati wa Ramadhani. Jumuiya zao hukusanya michango, hupika pamoja, na magharibi ikiingia kila mmoja anajua kwamba tende, uji na mihogo vipo, na kwamba hata asiye na senti ana nafasi kwenye mkeka. Wanashinda bila kula tangu alfajiri, na bado naona utulivu kwa wengi wao ambao siuoni katika wiki za mwisho za boom. Funga ni ibada na ina nguvu yake yenyewe. Siilinganishi na ukata. Ninachosema ni kwamba mlo unaojulikana saa yake na mahali pake hutuliza moyo hata ukiwa mchache, na kwamba kula pamoja kunamwonyesha mtu kwamba hayuko peke yake katika dhiki.

Wapo wakubwa, baadhi yao wenye sauti katika mabaraza ya vyuo, wanaosema: sisi nasi tulisoma, tena kwa shida. Nawaheshimu, na shida zao zilikuwa za kweli. Lakini tukumbuke kwamba waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ya 1970 na 1980 walikula katika mabwalo ya chuo kwa gharama ya Serikali. Sera ya uchangiaji gharama iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyobadilisha hali hiyo, na mwaka 1994 fedha za chakula na malazi zikaanza kutolewa kwa mkopo. Sidai turudi huko. Wakati ule wanafunzi walikuwa maelfu machache, na leo vyuo vikuu vyetu vina zaidi ya wanafunzi laki mbili. Hakuna hazina itakayowalisha wote bure. Lakini pamoja na mlo wa Serikali tuliondoa vitu viwili ambavyo havikuwa na gharama kubwa, navyo ni saa ya kula na mahali pa kulia, na hivyo hatukuvitafutia mbadala.

Tazama ratiba zenyewe. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na kila krediti ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, kuanzia mihadhara na semina hadi kujisomea. Hizo ni saa 1,200. Zikigawanywa katika majuma 30 ya masomo zinakuwa saa 40 kwa juma, kiasi ambacho kijana mwenye afya anakimudu vizuri na bado akapata muda wa kula, kulala na kucheza mpira. Kwenye karatasi, basi, mzigo hauna ubaya. Ubaya unaingia katika upangaji. Kumbi ni chache kuliko makundi ya wanafunzi wanaozihitaji, kwa hiyo kipindi cha saa saba mchana kinapangwa kama kingine chochote, na cha saa nane kinakifuata katika jengo lililo upande wa pili wa kampasi. Majaribio ya masomo matano au sita yanarundikwa katika juma moja kwa kuwa kila mwalimu anajipangia peke yake. Kisha kazi za vikundi zinafanyika usiku, kwa sababu ndipo kila mmoja anapokuwa huru. Anayefeli hujikuta na sapu, yaani mtihani wa marudio, akikosa tena anabeba somo hadi mwaka unaofuata, na nyuma ya hayo yote kuna kivuli cha disko, yaani kurudishwa nyumbani akiwa na deni la mkopo na bila cheti. Katika hofu ya namna hiyo, chakula ndicho cha kwanza kuachwa, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho mwanafunzi anaweza kukiahirisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa wasichana hali ina uzito wa ziada, na naomba niseme waziwazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Binti anayeingia chuoni akiwa tayari na damu pungufu, kisha akaishi kwa chai ya rangi, chapati na chipsi, anajiongezea uchovu ambao yeye na walimu wake watauita uvivu au mawazo. Na chai hiyo anayoinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Tena fedha zikimwishia, wapo watu wazima wenye magari na maneno matamu wanaojua hasa ni wiki gani ya boom, na wanaojua kwamba mwaliko wa chakula cha jioni ni vigumu kukataliwa na mtu mwenye njaa. Tunafanya semina nyingi juu ya unyanyasaji wa kijinsia vyuoni, na tunafanya vyema. Njaa nayo iingie katika ajenda za semina hizo.

Mambo mengine yanayoambatana na msongo nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanajulikana: pombe ya mwisho wa juma inayoanza kama mapumziko, simu inayoshikwa hadi alfajiri, viwanja vya michezo vinavyobaki vitupu jioni. Yanahitaji kazi yake. Ila nimeona kwamba mwanafunzi aliyekula mchana na kulala usiku ndiye pia anayeonekana uwanjani jioni, na sidhani kampeni ya michezo itafika mbali kwa vijana wenye matumbo matupu.

Sasa maombi yangu, nikianza na lililo rahisi kuliko yote. Naomba, kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, utolewe mwongozo kwamba kila chuo kikuu, cha umma na cha binafsi, kiwe na saa moja kamili kati ya saa sita na saa nane mchana ambayo hakuna kipindi, semina wala jaribio litakalopangwa kwa mwanafunzi yeyote. Najua wapanga ratiba watasema kumbi hazitoshi. Saa hiyo haihitaji kuwa moja kwa chuo kizima. Kitivo kimoja kinaweza kupumzika saa sita na kingine saa saba, na kumbi zikaendelea kutumika. Mwongozo huohuo uvitake vyuo kuwa na kalenda ya pamoja ya majaribio, ili mwanafunzi asiwe na zaidi ya mawili kwa siku mbili mfululizo. Haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka kusema yafanyike.

La pili ni fedha za kujikimu kulipwa kila mwezi, kwa tarehe inayotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Serikali inalipa mishahara ya watumishi wake kila mwezi katika kila kona ya nchi, kwa hiyo uwezo wa kufanya hivyo upo. Fedha za vitabu na za mafunzo kwa vitendo ziendelee kwa mkupuo, kwa kuwa matumizi yake ni ya mkupuo. Aidha, mwanafunzi anayependa aruhusiwe kuelekeza sehemu ya fedha zake moja kwa moja kwenye kadi ya chakula ya kantini ya chuo, kwa bei iliyokubaliwa. Nasisitiza kwamba iwe kwa hiari yake. Hawa ni watu wazima na fedha hizo ni deni lao. Kuwalazimisha kula mahali pamoja kutazaa mgomo, tena mgomo wa haki.

Jambo la kantini nalo linanigusa. Nchi yetu ina Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha wataalamu wa lishe pale Morogoro. Serikali imekwisha kutoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, na ni kazi nzuri. Hakuna sababu ya mwongozo wa namna hiyo kukoma mtoto anapomaliza kidato. Chuo kinapotoa zabuni ya kantini, kigezo kisiwe kodi kubwa tu atakayolipa mzabuni, kwa kuwa kodi hiyo huishia kwenye bei ya sahani. Kiwepo kigezo cha mlo mmoja wa bei nafuu kila siku, wenye nafaka, maharage au dagaa, mboga za majani na tunda. Chakula hicho ni cha kwetu, kinalimwa na kuvuliwa hapa. Nchini Ufaransa, tangu Septemba 2020, wanafunzi wenye ufadhili wa masomo wameuziwa mlo kamili kwa euro 1 katika migahawa ya vyuo vya umma. Hatuwezi kuiga kiwango chao cha ruzuku, lakini tunaweza kuanza na kantini zisizotozwa kodi ya pango, kwa sharti kwamba nafuu hiyo ionekane kwenye sahani. Mama ntilie wanaowalisha wanafunzi kwa mkopo katika wiki ngumu wasifukuzwe kando ya uzio wa chuo kwa jina la usafi. Wapewe maji, banda na mafunzo, nao waingie katika utaratibu.

Tena, majengo mapya yanaendelea kuinuka katika vyuo vya umma kupitia HEET, mradi wa kuendeleza elimu ya juu wenye dola milioni 425 za Marekani. Naomba michoro ya hosteli zitakazojengwa iwe na jiko la pamoja katika kila ghorofa. Marufuku ya kupika vyumbani ina sababu, kwani moto unaua na nyaya za umeme za hosteli zimechoka. Lakini marufuku isiyo na mbadala imewafanya vijana wafiche majiko madogo ya umeme chini ya vitanda, jambo ambalo ni la hatari kuliko jiko la wazi linalosimamiwa.

Mwisho, ofisi za Washauri wa Wanafunzi zipatiwe wanasaikolojia na maofisa lishe wanaofanya kazi pamoja, katika chumba kimoja ikiwezekana. Mwanafunzi aliyekuja kwa ajili ya kukosa usingizi aulizwe anakula nini, na aliyekuja kwa ajili ya tumbo aulizwe anaogopa nini. Vyuo vifanye pia tathmini ya hali hii kila mwaka, wanafunzi wakishirikishwa kupitia serikali zao, na matokeo yake yatangazwe ili sisi wahadhiri nasi tuyaone.

Mwaka mpya wa masomo bado una muda kabla ya kuanza, na ratiba za vyuo vingi hazijafungwa. Naomba mwongozo wa saa ya chakula utoke kabla hazijafungwa, hata kama mengine yatasubiri bajeti, na naomba jibu lako, Mheshimiwa, lolote litakalokuwa, litolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa, ili wanafunzi walisome wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri na mlezi wa wanafunzi,
Dar es Salaam